Kuhusu safari ya Jumamosi kwenda Bagamoyo

Ndugu, umeuliza kama Bagamoyo inafaa kwa safari ya siku moja ya gari pamoja na wazazi wako wazee, bila haraka. Inafaa sana, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 70 tu za lami, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Ondokeni alfajiri, kabla foleni ya Tegeta haijaanza.

Nakushauri uanzie Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kwa sababu wazee watapata kivuli cha miembe na mahali pa kukaa. Hapo upo mbuyu mkubwa ambao shina lake limemeza mnyororo wa chuma. Kipande kidogo tu ndicho kinachochungulia nje ya gome, na mama yangu alikishika kwa muda mrefu bila kusema neno. Karibu na mbuyu huo ndipo ulipopumzishwa kwa muda mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Zambia ya leo, kazi ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko safari zote za Livingstone mwenyewe.

Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako kilomita chache kusini. Nendeni jua likishapungua makali. Mchana kuleni samaki wa kukaanga pale sokoni ufukweni, majahazi yakiwa mbele yenu.