Sekunde tano

Programu moja kazini ilikuwa inagoma kufunguka haraka. Si kila mara, na hapo ndipo ilipotuchosha. Watu wa hifadhidata walisema ni mtandao. Sisi wa mtandao tukapiga ping (kuiuliza mashine kama ipo) kwenye anwani ya seva yao, majibu yakarudi safi, tukawarudishia mpira. Tulitupiana hivyo siku tatu nzima.

Siku ya nne nikaacha kubishana, nikaingia kwenye seva ya programu na kuwasha tcpdump, chombo kinachonasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni:

tcpdump -i any -w tatizo.pcap

Nikasubiri ikwame, nikabonyeza Ctrl+C, kisha nikalisoma faili:

tcpdump -n -ttt -r tatizo.pcap

Hiyo -ttt huonyesha muda uliopita kati ya pakiti moja na inayofuata, na mimi siku hizi huanza na safu hiyo kabla ya kitu kingine. Programu iliuliza seva ya DNS, ile inayogeuza jina kuwa namba ya IP, kuhusu jina la seva ya hifadhidata. Kimya. Baada ya sekunde 5 ikauliza DNS ya pili, ikajibiwa papo hapo. Linux, usipoibadilisha, hungoja sekunde 5 hizo hizo kabla ya kuhamia DNS inayofuata. Ile ya kwanza ilishazimwa zamani, anwani yake ikasahaulika ndani ya /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za DNS. Programu ikiwa na muunganisho ulio wazi haina haja ya kuuliza jina, ndiyo maana mara nyingine ilikwenda vizuri. Na ping zetu? Tulitumia namba ya IP, sio jina. Tulijipima kwa kipimo kisichogusa ugonjwa.

Chombo chenyewe ni cha mwaka 1988, kilitoka maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani, na sura yake inaonyesha umri. Usiogope. Weka -n daima unaposoma, la sivyo tcpdump yenyewe itaanza kuuliza DNS majina ya kila anwani. Ukitazama moja kwa moja kwenye skrini kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali; poti 22 ndiyo mlango wake wa kawaida), ongeza "not port 22", maana kila mstari unaoonyeshwa huzaa pakiti nyingine, nayo huonyeshwa, na kadhalika. (Nimefanya kosa hilo zaidi ya mara moja.)

Ukiona [S], yaani ombi la kuanza muunganisho, inarudiwa bila jibu, kuna kinachomeza pakiti njiani, mara nyingi fayawoli. Nasa pande zote mbili ujue zinapotelea wapi. Ukiona [R.], yaani muunganisho umekataliwa, inarudi haraka, kwa kawaida mashine umeifikia ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo.

Tatizo likitokea mara chache, kuongeza -C 100 -W 5 kwenye amri ya kunasa hukupa mafaili 5 ya takriban MB 100 yanayoandikwa upya kwa zamu, diski isijae usiku ukiwa umelala.

Omba ruhusa kabla ya kunasa. Trafiki isiyosimbwa hubeba nywila waziwazi, kwa hiyo faili hilo usilitume kwenye kundi la gumzo, na ukimaliza lifute. Langu nililisahau kwenye /tmp wiki mbili.