Waifai ya nyumbani: maswali yenu

Tunalipia kifurushi cha Mbps 20. Sebuleni hakuna shida, lakini chumbani kwa watoto video zinakwama. Kampuni inatuibia? (Tabata, Dar es Salaam)

Kama sebuleni ni shwari, kasi inafika na inapotelea humo humo ndani. Thibitisha: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai kwenye simu zote, kisha pima. Ukipata 18 au 19, kampuni haina kosa. Sasa tazama ruta imekaa wapi. Kuta zetu ni tofali za saruji na nguzo za nondo, na ruta nyingi hurusha waifai kwa masafa mawili ya redio: ya 5 GHz huzipenya kwa shida kuliko ya 2.4 GHz. Chumba cha mbali kiunganishe na hayo ya 2.4.

Mwezi uliopita niliikuta ruta ya ndugu yangu sakafuni, nyuma ya friji, kwa kuwa waya wa faiba uliingilia hapo. Kiboksi cha faiba tulikiacha palepale, tukavuta waya wa mtandao wa mita 10 hadi koridoni na kuitundika ruta juu ya mlango. Chumba cha mwisho kilitoka Mbps 2 hadi 14. Tulichonunua ni waya tu, na ndiyo maana hunisikitisha kuona watu wakikimbilia kifurushi kikubwa zaidi.

Jambo jingine: ukipakua faili na kuona MB 2.5 kwa sekunde, hujapunjwa. MB huhesabu baiti, Mbps huhesabu biti; baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hiyo ndiyo Mbps 20 yako.

Mtandao uligoma, nikaambiwa nibonyeze kitundu cha nyuma kwa pini. Tangu hapo haurudi kabisa. (Nakuru)

Pole sana. Kitundu hicho hufuta kila kitu: jina la waifai, nenosiri, na mara nyingi hata akaunti ambayo kampuni iliingiza ili ruta itambulike kwao. Wapigie wairudishe, kisha upige picha mipangilio yote uihifadhi.

Siku nyingine anza na taa za ruta au kiboksi cha faiba. Ile ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa mno. Hapo ni kuita fundi. Kama haiwaki, chomoa ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, rudishia, na uipe dakika tatu.

Tangu umeme ukatike na kurudi, ruta inazimika na kuwaka yenyewe. (Mwanza)

Shuku adapta kwanza. Tafuta nyingine yenye volti zilezile (soma kibandiko, nyingi ni 12V), ampea zisizopungua za mwanzo na pini inayolingana. Umeme ukikatika, ichomoe hadi utakapotulia.

Nimebadilisha nenosiri mara tatu, jirani bado anaingia. (Tanga)

Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa na ruta kwa kitufe au namba maalumu bila kuandika nenosiri. Anayejua namba yake hulipata nenosiri jipya kila unapolibadilisha. Fungua kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.1.1, badilisha pia nenosiri la kuingilia humo, weka ulinzi wa waifai wa WPA2 au WPA3, na usasishe programu ya ruta. Kisha waulize watoto kwa upole: simu nyingi huonyesha waifai kama msimbo wa QR, na rafiki akiomba ni vigumu kwao kumnyima. Wafungulie wageni mtandao wao wenye nenosiri tofauti, la kwenu libaki la nyumbani.