Mume wangu kashinda milioni 60, nyumba imekosa raha

"Assalaam alaykum Shangazi. Mimi nipo Wete, nina watoto wanne, nauza vitafunio mbele ya skuli. Mume wangu ni fundi magari Dar, mwezi wa Rajabu kashinda bahati nasibu ya kwenye simu, milioni 60. Tangu hapo nyumba haina raha. Ndugu hawatoki, ami yake anataka Noah aifanye daladala, mwengine anataka nauli ya Omani. Mume kaacha kazi, kabadilisha laini, na bado anacheza kila siku anasema bahati yake imefunguka. Kuna rafiki anamwambia ampe pesa amzungushie biashara ya magari. Nasikia na mchumba anae huko huko. Mkwe wangu kasema pesa ya kamari haitaingia tumboni mwake, na mimi namnunulia mchele kwa pesa hizo hizo kwa siri, namwambia nimepokea upatu. Mume anakuja Pemba mwezi huu. Nifanyeje? Mke wa mtu, Wete."

Waalaykum salaam mwanangu. Naanza na hilo uliloliweka mwisho, mana naona ndo linalokunyima usingizi kuliko hata huyo mchumba. Mchele wa mkweo acha leo. Sio kesho, leo. Najua umefanya kwa huruma, humtaki alale na njaa na pesa zipo ndani, lakini mtu mzima kakwambia kwa kinywa chake hataki na hiyo ni imani yake, Suratul Maida aya ya 90 imetaja ulevi na kamari pamoja, kaisoma toka yupo chuo cha Kurani mdogo, na masheikh wengi wanaihesabu bahati nasibu ya kulipia kuwa ni kamari. Siku akija kujua kupitia kwa mtu mwengine (na Wete unaijua, atajua tu) hatokasirikia pesa, atakukasirikia wewe, na sijui kama utamrudisha. Nenda mwenyewe, kaa chini, mwambie ulichofanya, muombe radhi. Halafu chakula chake kitoke kwenye vitafunio vyako, hata kikiwa kidogo, tena namuona atakila kwa raha zaidi.

Kuhusu zenyewe pesa mimi sio sheikh, siwezi kukwambia kuleni wala tupeni. Lakini mumeo ni Muislamu na mama yake kashasema, kwa hiyo aende kwa sheikh anaemuamini au Ofisi ya Mufti aulize, na aulize sasa hivi wakati pesa bado zipo, sio zikishaisha ndo aanze kutafuta fatwa. Pengine ataambiwa zitoke zote, pengine ataambiwa vyengine, hilo lao. Haya ninayokwambia hapa chini ni kwa hicho watakachowaruhusu mbaki nacho.

Sasa nisikilize vizuri. Umeandika kama vile ndugu wamegeuka, ami kageuka, mume kageuka. Mimi nahisi hakuna aliegeuka. Zamani ndugu akija na shida ya laki tatu mumeo anamwambia sina, na yule anaondoka hana kinyongo mana kweli hana, na akipewa elfu kumi anashukuru mpaka anafika kwao. Umasikini una mabaya yake mengi sana lakini huo udhuru ulikuwa unawalinda nyote, mtu anakataa na udugu unabaki pale pale. Milioni 60 zimekuondoleeni huo udhuru kwa siku moja! Sasa kila anaekataliwa anajua kakataliwa kwa makusudi, na anaepewa laki moja anahesabu zimebaki milioni ngapi. Shida walikuwa nazo toka zamani, ila sasa wanajua pa kuzipeleka. Na mumeo kubadilisha laini sidhani kama ni kiburi, mtu hajawahi kukataa huku anacho, hajui inakuwaje, basi kakimbia.

Kwa hiyo udhuru lazima urudi, na urudi kwa kweli sio kwa uongo, mana uongo hapo kijijini hauna maisha. Pesa zitoke mkononi ziende mahala ambapo hata nyinyi wenyewe hamwezi kuzichota usiku mtu akija kulia. Mlipe madeni. Mumalize nyumba kama haijaisha. Nyengine ikae amana benki ya muda maalumu, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma za Kiislamu, mkaulize masharti. Na kama mnataka shamba la mikarafuu, hapo fungua macho sana mwanangu. Mashamba mengi ya Pemba ni mirathi ambayo haijagawiwa, unauziwa na kaka mkubwa na dada zake wapo Unguja hawana habari, na pengine ardhi ina mtu wake na mikarafuu iliyo juu yake ina mtu mwengine. Usitoe hata shilingi mpaka warithi wote wawepo, sheha awepo, mashahidi na maandishi yawepo. Na mjue karafuu haizai sawa kila mwaka, mwaka huu neema mwaka unaofuata hakuna kitu, na mche mpya unakaa miaka mingi kabla hujauchuma. Mimi naipenda karafuu kwa hilo hilo, mana pesa ikishaingia kwenye mti hakuna ami anaeweza kuja kuikopa.

Ndugu msiwafukuze. Tengeni fungu moja, liamuliwe mara moja, na mumeo akae nao wote pamoja, ami akiwa mbele kwa heshima yake, aseme kiasi hiki ndo cha familia na kinakwenda kwenye matibabu na skuli za watoto, baada ya hapo hakuna tena. Mbele ya wote, ili asije mtu akasema fulani kapewa zaidi. Noah hapana. Nauli ya Omani mimi nisingetoa, ila nyinyi ndo mnaomjua mwenyewe.

Huyo rafiki wa biashara ya magari ananitisha kuliko ndugu wote. Marekani, huko Florida, kulikuwa na mtu anaitwa Abraham Shakespeare, kibarua tu, mwaka 2006 akashinda dola milioni 30. Akawa anakopesha na kugawa kila anaemlilia mpaka akachoka, halafu akaja mwanamke mmoja akamwambia mimi nitakusaidia kutunza pesa zako. Mwaka 2009 huyo mtu kapotea, baadae mwili wake ukakutwa umezikwa chini ya zege, na yule mwanamke akahukumiwa kwa mauaji 2012. Sisemi rafiki wa mumeo ni muuaji, Mungu apishe mbali. Nasema mtu akichoshwa na wanaoomba anakuwa mwepesi kumuamini yule anaesema haombi, anakuja kusaidia. Muulize mumeo, huyo rafiki biashara hiyo alikuwa anamshirikisha hata kabla ya Rajabu?

Na kazi arudi. Milioni 60 inasikika nyingi lakini mkitumia milioni moja kwa mwezi ni miaka 5 tu, watoto bado wapo skuli na yeye mkono wa spana ushalegea. Huko huko Florida wachumi waliwafatilia walioshinda dola 50,000 mpaka 150,000, wakakuta miaka miwili ya mwanzo walikuwa hawafilisiki sana, lakini ilipofika mwaka wa 3 mpaka wa 5 wakafilisika kwa wingi, mpaka wakawa sawa na wale walioshinda kidogo. Yaani pesa iliahirisha tu. Wala sikwambii kila pesa ya ghafla ina nuksi, mana Sweden utafiti uliotoka 2020 ulikuta walioshinda pesa nyingi, hata miaka 10 na zaidi imepita, bado wameridhika na maisha yao kuliko wengine. Lakini hao wengi hawakuacha kazi, walipunguza kidogo tu.

Huku kucheza kila siku ndo kunaniumiza roho. Anatafuta ile raha ya siku ile meseji ilipoingia, na hairudi. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwauliza washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois, wakakuta furaha yao haikuwazidi watu wa kawaida, na vitu vidogo vya kila siku, kula chakula cha asubuhi, kupiga soga na rafiki, vimepungua utamu kwao. Akija muangalie hapo barazani, kahawa anainywa au anashika simu? Kama anashika simu basi mwambie waziwazi, kwa upole lakini waziwazi, kwamba pesa mlizonazo haziwezi kukaa salama na mchezo ukiendelea. Na akishindwa kuacha peke yake amwambie sheikh huyo huyo atakaekwenda kumuuliza.

La mchumba sikudanganyi, kuoa kuko mkononi mwake. Muombe kitu kimoja tu, asiamue mpaka pesa zishakaa mahala pake. Huyo bibi akiwa bado anamtaka zikiwa zimekwisha kuwa mikarafuu na amana, hapo mtazungumza.

Akifika usimrukie na yote usiku wa kwanza. Mpeleke kwanza kwa mama yake, wewe ukiwa ushaomba radhi yako, wakae wao wawili bila wewe. Sheikh afuate, halafu benki, ndugu mwisho kabisa. Na mpaka hapo ami akipiga simu mwambie mume wangu anakuja, atazungumza na nyinyi wote siku moja.