Kadi ya Grafiki ya GB 4 Isiyoonekana: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Nkuhungu, Dodoma. Wateja wangu wengi wana viwanja Nala na Nzuguni, na hupenda kuiona nyumba kwenye picha kabla ya kumwita fundi. Nimenunua kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kichakataji cha Intel Core i5-1135G7 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, nikaambiwa dukani kwamba ina kadi ya grafiki ya GB 4. Windows inaonyesha MB 128 za kadi yenyewe na takriban GB 3.9 za kushirikiana. Blender, programu ninayotengenezea picha za nyumba, inakwama, na gemu ya mpira wanayocheza wadogo zangu jioni inakatakata. Rafiki yangu ananishauri niingie kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, niipandishe hiyo MB 128 hadi GB 2. Nifanye hivyo?

JIBU: Usihangaike na rejista. Namba utakayoiandika pale ni taarifa tu ambayo Windows itaipa programu inayouliza ukubwa wa kadi. Inaweza kuifanya gemu inayokagua namba hiyo ikubali kufunguka, lakini haiongezi hata baiti moja. Mashine yako haina kadi ya grafiki inayojitegemea. Grafiki imo ndani ya kichakataji, haina kumbukumbu yake, na kila inachokihitaji hukichukua kwenye RAM ileile ya GB 8 inayotumiwa na Windows, kivinjari na Blender.

Zile GB 3.9 hazijatengwa popote. Ni ukomo ambao Windows imeuweka, na kwa kawaida huwa karibu nusu ya RAM yote. Grafiki ikiwa haifanyi kazi, nafasi hiyo hutumiwa na programu nyingine kama kawaida. MB 128 ndizo zimeandikwa kwa jina la grafiki, na Intel huziacha kuwa chache kwa makusudi, kwa sababu draiva yake, yaani programu inayoiendesha grafiki, huomba zaidi kila inapohitaji na kurudisha ikimaliza. Muuzaji alijumlisha vitu viwili hivyo akapata GB 4. Si uongo mtupu, ila mnunuzi anayesikia hesabu ya namna hiyo ataamini kwamba amepata GB 8 za RAM na juu yake GB 4 nyingine, na ningependa maduka yetu yaiache.

Tatizo lako kubwa zaidi, naamini, si ukubwa wa kumbukumbu bali kasi ya kuifikia. Tangi la lita 5,000 lenye bomba moja jembamba halitaondoa foleni ya ndoo. Kijiti kimoja cha RAM ya DDR4-3200 hupitisha data kwa GB 25.6 kwa sekunde, na hiyo inagawanywa kati ya kichakataji na grafiki. Vijiti viwili vinavyofanya kazi sambamba hufikisha GB 51.2. Kadi inayojitegemea ya RTX 3050 ya kompyuta mpakato, yenye kumbukumbu yake ya GDDR6, hufika takriban GB 192. Ipo dalili rahisi ya kukuonyesha ulipo: fungua Task Manager uangalie jina la grafiki. Kichakataji chako kina grafiki ya Iris Xe, lakini kikiwa na kijiti kimoja tu, Intel huiacha ijitambulishe kwa jina la kawaida la Intel UHD Graphics.

Ukilikuta jina hilo, nunua kijiti cha pili cha GB 8 cha aina ileile, DDR4 cha kompyuta mpakato. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba mashine ina nafasi ya pili, kwa maana zipo ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Gemu ya mpira itanufaika mara moja. Fundi akishaifungua, mwombe asafishe na feni; vumbi la Dodoma halimsubiri mtu.

Kwa Blender hali ni tofauti kidogo. Cycles, mojawapo ya injini za Blender za kurenda (kutengeneza picha ya mwisho), haitumii grafiki ya Iris Xe, hivyo kurenda kwako hufanywa na kichakataji, na faida ya RAM ya GB 16 ni kwamba Windows haitalazimika kuhamishia kazi kwenye diski katikati ya safari. Eevee, injini nyingine ya Blender, hutumia grafiki na itapata faida ya kasi pia. Zaidi ya hapo, angalia picha za vigae, mbao na mawe unazovisha kuta. Picha yenye pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa MB 5 tu kwenye diski, lakini ikifunguliwa katika kumbukumbu hufika MB 64, na picha 20 za namna hiyo hukaribia GB 1.3. Ukizipunguza hadi 2048 kwa 2048, kila moja hubaki MB 16, na kwa ukuta unaoonekana ukiwa upande wa pili wa barabara mteja hataona tofauti.

SWALI: Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kompyuta yangu ina RTX 3050 ya GB 4 na RAM ya GB 16, na Windows inasema jumla ya kumbukumbu ya grafiki ni GB 12. Mbona gemu hukwama nikiweka tekscha (picha zinazovishwa vitu vya gemu) za juu kabisa?

JIBU: Kwa sababu ni GB 4 tu zilizo kwenye kadi yenyewe. Zikijaa, ziada hupelekwa kwenye RAM, na kila inapohitajika huvuka njia ya PCIe inayounganisha kadi na kompyuta, ambayo kwa mashine nyingi za aina hiyo hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya kasi ya kumbukumbu ya kadi. Mkwamo unaouona hutokea wakati wa kuvuka huko. Shusha tekscha ngazi moja kabla ya kugusa vivuli au ukubwa wa picha. Katika kurenda kwa Cycles, kumwagika huko kuna nafuu yake: kazi huchelewa, lakini mara nyingi hukamilika badala ya kukatika.

SWALI: Nikiongeza RAM kutoka GB 16 hadi 32, grafiki ya ndani itakuwa na kasi zaidi? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Namba ya kushirikiana itapanda hadi karibu GB 16. Kasi haitabadilika, isipokuwa kama zile GB 16 za mwanzo zilikuwa kwenye kijiti kimoja na sasa umeweka viwili.