Baada ya gorila, kijiji cha Wabatwa

SWALI: Ndugu Mhariri, tunatoka Kampala kwenda msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, kuwaona gorila. Je, kuzuru kijiji cha Wabatwa si kuwageuza watu maonyesho? – Mama wa wawili

JIBU: Dada, nendeni, ila mjue mnaingia kwa nani. Wabatwa waliishi msituni humo wakiwinda na kurina asali hadi mwaka 1991, ulipofanywa hifadhi ya taifa nao wakaondolewa, wengi wao bila kupewa ardhi. Kwa hiyo mzee anayewaonyesha namna ya kupekecha moto kwa vijiti viwili anawasimulia makao aliyoyapoteza, na hilo lanigusa sana. Ketini mmsikilize, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na malipo yawafikie wenyewe. Watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwa gorila, kijijini wanakaribishwa.