Kiputo cha sabuni si upinde wa mvua

SWALI: Naandaa kiputo cha sabuni kwa ajili ya tangazo la katuni. Nakokotoa mwingiliano wa mwanga kwa mawimbi matatu tu, nanomita 650, 550 na 450, kisha majibu nayaweka moja kwa moja kwenye nyekundu, kijani na buluu. Utando ukiwa mwembamba napata rangi nzuri. Ukiwa mnene zinakoza na kujirudia kama taa za disko. Nizipaushe kwa mkono?

JIBU: Usizipaushe. Utaziua na zile za sehemu nyembamba, ambazo kweli huwa kali.

Kosa ni hayo mawimbi matatu. Chukua utando wa nanomita 3,000, wenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.33. Mwanga ukiingia wima na kurudi, tofauti ya njia kati ya mwanga ulioakisiwa na uso wa juu na ule wa uso wa chini ni nanomita 7,980. Kati ya mawimbi ya 400 na 700 hapo kuna vilele tisa (mawimbi yanayoakisiwa kwa nguvu), na bonde (wimbi linalofutika) kati ya kila viwili. Wewe umechungulia kupitia matundu matatu: tundu moja likiangukia kilele na jingine bonde, unapata rangi inayowaka. Jicho halichungulii hivyo. Hujumlisha vilele na mabonde ya eneo pana, likaona karibu weupe mtupu.

Basi kokotoa kuanzia 380 hadi 780, kila nanomita 5. Zidisha kwa nguvu ya taa yako na kwa majedwali ya CIE (tume ya kimataifa ya mwanga) ya mwaka 1931, yanayoonyesha jicho huitikiaje kila wimbi, jumlisha, ndipo ugeuze kuwa RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu. Usiogope uzito wa kazi: fanya mara moja tu, uhifadhi ukanda mmoja wa rangi unaofuata tofauti ya njia, sheda (programu ndogo inayopaka rangi picha) iwe inausoma. (Pembe ya kukokotolea njia iwe ya ndani ya utando, mwanga ukishapinda. Wengi huweka ya nje.)

Kinachonichosha ni walimu wa njia za mkato wanaochukua ukanda wa upinde wa mvua, wakaubandika kwa kufuata pembe, wakauita "fizikia". Prizimu hutawanya mawimbi, kila moja upande wake. Utando hupunguza baadhi na kuacha mengine yachanganyike, ndiyo maana kiputo kimejaa majenta, rangi ambayo kwenye upinde wa mvua haipo kabisa. Mafuta yaliyomwagika kwenye lami yenye maji nayo ni hivyo hivyo, na hata mng'ao wa lenzi ya kamera, na kila siku naona vyote vimepakwa ukanda uleule.

Ukiuziwa kifurushi cha sheda za viputo cha namna hiyo, kabla hujalipa shusha unene wa utando hadi karibu na sifuri. Wimbi linaloakisiwa na uso wa juu hugeuka nusu ya mzunguko wake, la chini haligeuki, kwa hiyo yanafutana: utando unakuwa mweusi, kama kilele cha kiputo kinachokaribia kupasuka. Kikikuonyesha nyekundu au zambarau, kirudishe.