Bi Shangazi ndiye aliyenifungulia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukipewa kitufe cha kufuta kero moja tu ya teknolojia, ungefuta ipi?" Nilikusudia kujibu kwa mistari mitatu. Mtanisamehe.

Wenzangu najua watakachoandika. Wapo watakaotaja kisanduku cha "Mimi si roboti" na zile picha za taa za barabarani, ambapo hujui kama nguzo nayo ni sehemu ya taa au la. Wapo watakaolia na nenosiri linalodai herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao, na likishazoeleka vidoleni unaamriwa ulibadilishe. Hilo la nenosiri angalau mwenyewe alijuta. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo huo mwaka 2003 akiwa katika taasisi ya viwango ya nchi yake, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Nimekwisha kumsamehe. Mimi namtafuta aliyetuletea swali la usalama.

Mnalijua. Jina la mama kabla ya kuolewa, gari lako la kwanza, mtaa uliokulia. Nenosiri likikupotea, linajitokeza hilo kama mzee wa ukoo, likutahini kama kweli wewe ni wewe.

Mwaka juzi nilihitaji kuingia kwenye akaunti fulani, na ili kuniruhusu wakasema wametuma msimbo kwenye barua pepe yangu. Ipi? Ile niliyoifungua ujanani, ambayo sikuwa nimeigusa kwa zaidi ya miaka kumi. Nikaenda huko, nenosiri sina. Basi tukutumie msimbo kwa simu, wakasema, namba inayoishia na 46. Namba hiyo nilikwisha kuiacha, na kwa desturi ya kampuni za simu ya kugawa upya namba zilizolala, pengine kuna mtu mahali fulani alipokea msimbo wangu akajiuliza maswali. Mlango mmoja ulinielekeza wa pili, wa pili ukanielekeza kwenye mlango uliokwisha kung'olewa. Ndipo likaja: "Mnyama wako wa kwanza uliyemfuga aliitwa nani?"

Sijawahi kufuga mnyama. Nilikaa nikiitazama skrini, nikamchukia kijana yule wa miaka kumi na tisa aliyenichagulia swali lile. Baadaye nikamwelewa: gari hakuwa nalo, na orodha ile ilimlazimisha achague kimoja. Bila shaka alidanganya. Wala hakuwa peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha utafiti kuhusu maswali haya, wakakuta asilimia 37 ya waliowahoji walikiri kwamba waliwahi kutoa majibu ya uongo. Kichekesho ni kwamba uongo huo ulirahisisha kazi ya mwizi anayebahatisha majibu, kwa sababu binadamu tunadanganya kwa kufanana. Na kwa watumiaji wa Marekani wanaozungumza Kiingereza, 40 katika kila 100 hawakuweza kukumbuka walichojibu.

Basi nikaanza kuutafuta uongo wangu mwenyewe. Nikaandika "Simba". La. Nikaandika "Hakuna", kwa kuwa nilikuwa kijana mjuaji. La. Nikaandika "sina". Akaunti ikafungwa kwa saa 24.

Usiku ule nikampigia mdogo wangu wa kike, si kuomba msaada, ni kulalamika tu. Nikamwambia, hebu fikiria, wananiuliza mnyama niliyemfuga, mimi ambaye nyumbani kwetu hata paka hakuwepo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, na kuku je?"

Kuku gani?

Akashangaa kuliko nilivyoshangaa mimi. Yule mweupe mwenye kilema cha kidole, akasema, uliyemlilia siku mbili ili asichinjwe, ukamjengea boksi chini ya ngazi. Alikuwa akitembea uani kifua mbele, akikagua kila sufuria, mpaka mama akasema huyu si kuku, huyu ni shangazi amekuja kutukagua. Na hapo, Mhariri, sijui niseme nini, nilimwona. Nilikiona kidole. Nililiona boksi lenye maandishi ya kiwanda cha sabuni. Kuku mzima, miaka yake minne au mitano, alikuwa ametoweka kichwani mwangu kama hajawahi kuwepo.

Kesho yake, saa 24 zilipotimia, nilikuwa na mdogo wangu kwenye simu. Nikaandika "Shangazi". Mfumo ukakataa. Akaniambia, "Weka Bi. Alikuwa Bi Shangazi." Nikabisha. Nikamwambia Bi Shangazi ni jina alilompa yeye baadaye, mimi nilikuwa namwita Shangazi tu, na kuku alikuwa wangu, nitashindwaje kujua? Tulibishana karibu nusu saa juu ya heshima aliyopewa kuku marehemu. Nikaandika "shangazi" kwa herufi ndogo, ili tu nisikubali. La. Imebaki mara moja.

Nikaandika "Bi Shangazi". Pakafunguka.

Humo ndani hamkuwa na kitu. Matangazo, na matangazo ya kuomba radhi kwa matangazo. Msimbo nilioufuata ulikwisha muda wake tangu jana yake, ikabidi niombe mwingine.

Nilipoanza barua hii nilitaka kusema kwamba swali la usalama ni dhuluma kwa sababu linamtafuta mtu ambaye hayupo tena: linakutaka uwe yule uliyekuwa siku ulipojaza fomu, na herufi zako kubwa za siku ile. Bado naona hivyo. Lakini nikijisoma hapo juu naona mashine haikukosea hata kidogo. Kijana niliyemwita mwongo alisema kweli tupu. Aliyesahau ni mimi, na aliyekuwa na hakika ya uongo ni mimi.

Hata hivyo, msidhani naliunga mkono. Jambo lililonifungulia ndilo linalolihukumu: mdogo wangu alilijua jibu kuliko mimi. Siku hiyo ilikuwa heri, maana ni mdogo wangu. Lakini siri inayojulikana na kila aliyekula nawe utotoni si siri. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja Marekani aliingia kwenye barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea wa umakamu wa rais, bila utaalamu wowote wa kompyuta. Alihitaji tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali alipokutana na mumewe, yote yakipatikana mtandaoni. Toleo la mwaka 2017 la miongozo ya taasisi ileile ya Burr likazikataza huduma kuwaomba watu siri za aina hii, na mfano lililoutoa, naapa, ni jina la mnyama wako wa kwanza.

Kwa hiyo kitufe chenu nakibonyeza. Swali la usalama lifutwe, na kidole au uso vishike nafasi yake, ingawa kidole changu nacho kikilowa tu simu inanikana. Sharti langu ni moja, waanze na akaunti za wengine. Kwa sababu siku ile nilipoingia, skrini iliniambia kwamba swali langu limepitwa na wakati, ikaniwekea vitufe viwili: "Ondoa" na "Nikumbushe baadaye".

Tangu mwaka juzi wananikumbusha kila mwezi. Hilo nalo linaudhi.